Kanisa la Mkunazini: Habari za Nyumba Kongwe na Mafunzo Yake Kwetu



Ni desturi ya kijitabu hiki cha mwaka kwamba, baada ya hesabu za mweka hazina na taarifa za halmashauri, huwekwa kurasa chache za habari za kale. Mwaka huu hatukuzichagua habari hizo kwa ajili ya kupumbaza macho tu. Mnajua nyote kwamba liko mbele yetu shauri moja lisilokwisha kukatwa, nalo ni la lile jengo kuukuu la kanisa ambalo waumini wamelihama tangu walipojijengea jipya. Wako wasemao libomolewe, mawe yake yauzwe, na mahali pake pasimamishwe ukumbi wa matofali ya saruji na mabati. Wako wasemao litengenezwe, liwe nyumba ya mikutano, ya masomo ya jioni na ya shughuli za akina mama. Na wako wazee waulizao, kwa haki kabisa, kama mfuko wa mazishi utaguswa kwa ajili ya kazi hiyo.

Shauri hilo litakatwa na Mkutano Mkuu, wala si na ofisi ya katibu. Lakini mtu hakati shauri jema pasipo kujua wengine walifanyaje walipofikwa na jambo kama lake. Kwa hiyo twaleta mbele yenu habari za kanisa moja la Unguja, ambalo wengi wenu mmelisikia na baadhi yenu mmeliona kwa macho, na kisha habari fupi za kanisa jingine lililo mbali katika nchi ya Uingereza. La kwanza lilitengenezwa likabaki kanisa, na nyumba iliyo jirani yake ikapewa kazi mpya. La pili lilikwisha kuachwa na waumini, likageuzwa kuwa nyumba ya mtaa mzima. Kati ya hayo mawili twaweza kupima la kwetu.

SOKO LILILOFUNGWA

Mji Mkongwe wa Unguja una mtaa uitwao Mkunazini. Hapo, katika karne ya 19, palikuwa na soko la watu. Waliletwa kutoka bara, wengine kutoka nchi za ziwa Nyasa, wakashushwa kutoka majahazini, wakauzwa kwa mnada kama ng'ombe. Wengine walibaki Unguja na Pemba kulima mashamba ya mikarafuu, na wengine walipelekwa Uarabuni na kwingineko. Wako miongoni mwetu wajukuu na vitukuu vya watu wa namna hiyo, na hatuandiki haya kwa kumwaibisha mtu. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa hana aibu.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Unguja kumtaka Seyyid Barghash bin Said apige marufuku biashara hiyo. Seyyid alikataa, kwa kuwa mali ya nchi yake na ya matajiri wake ilitegemea kazi ya watumwa. Frere akaondoka pasipo kupata alichokijia. Ndipo balozi John Kirk alipopewa amri ya kumwambia kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid alitia sahihi mkataba. Kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kukakatazwa, na masoko ya hadhara yakafungwa, pamoja na lile la Mkunazini.

Yafaa tuelewe jambo hili sawasawa, kwa maana mara nyingi husimuliwa kana kwamba siku hiyo utumwa ulikwisha. Haukwisha. Mkataba ulifunga soko, lakini haukumfungua mtumwa aliyekuwa tayari shambani. Unguja na Pemba sheria ya kuufuta utumwa ilitolewa mwaka 1897, na katika ukanda wetu wa pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Kati ya miaka hiyo watu wengi walijitafutia uhuru kwa miguu yao wenyewe. Walikimbilia Rabai, mahali ambapo Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann wa Church Missionary Society walianza kazi mwaka 1846. Hata ilipofika tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alitoa hati za uhuru pale Rabai, baada ya kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejihifadhi katika vituo vya misheni. Na jina la Frere lilikuja kukaa ng'ambo ya Mombasa, katika kijiji cha Frere Town kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa. Na kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni. Basi habari za Mkunazini si habari za wageni. Ni ukurasa wa kitabu chetu wenyewe.

JINSI KANISA LILIVYOJENGWA

Misheni ya Vyuo Vikuu, ijulikanayo kwa herufi UMCA, ilikuwa imehamia Unguja mwaka 1864. Soko lilipofungwa, Padre Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja chake, akaitoa kwa misheni. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873, miezi sita na kidogo baada ya mnada kukoma, jiwe la msingi likawekwa.

Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Wenye kupenda lugha wanamjua kwa sababu nyingine, kwamba yeye ndiye aliyetunga kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka 1870, akakusanya hadithi za Waswahili, na kutafsiri sehemu kubwa ya Maandiko. Lakini Mkunazini alikuwa fundi mkuu. Alijenga kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba zote za mji ule, na juu akataka kuweka dari la tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati likalazwa kifudifudi. Tao hilo halikuwa na boriti. Lilifanywa kwa zege la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Yasimuliwa kwamba watu wengi walingoja tu siku litakapoanguka. Halikuanguka.

Kazi ilichukua miaka kadhaa, na kanisa likawa tayari kuelekea mwaka 1880. Seyyid Barghash, ambaye ni Mwislamu na ambaye soko lake ndilo lililofungwa, alitoa saa kwa ajili ya mnara. Na watu husema kuwa alishurutisha mnara usizidi urefu wa jumba lake. Penye madhabahu, wazee wa kanisa huonesha duara ya mawe sakafuni, wakasema hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya madhabahu alizikwa Askofu Steere mwenyewe, aliyefariki mwezi Agosti 1882. Karibu na mlango ziko nguzo zilizosimamishwa juu chini, na simulizi lasema kwamba waashi walizisimamisha hivyo siku ambazo askofu hayupo. Uko pia msalaba uliochongwa kwa mbao za ule mti wa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873.

Lakini kitu kikubwa kuliko mawe na nguzo ni watu walioingia humo. Vijana waliookolewa katika majahazi walifundishwa kusoma na kupiga chapa. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa utotoni, aliwekewa mikono kuwa padre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Kanisa lenyewe liliwekwa wakfu mwaka 1903. Mahali palipokuwa pa kuuliza bei ya mtu pakawa mahali pa kuitwa kwa jina lake.

MAJI, CHUMVI NA MIAKA

Nyumba ya pwani ina adui watatu, ambao ni maji ya mvua, chumvi ya bahari, na kusahauliwa. Adui wa tatu ndiye awafunguliaye mlango wale wawili.

Tueleze kidogo jinsi jengo la matumbawe linavyofanya kazi, kwa maana ndilo jengo letu pia. Fundi wa kale alichukua matumbawe akayachoma juu ya tanuri ya magogo hata yakawa chokaa. Akaizimua kwa maji, akaiacha ikae, kisha akaichanganya na mchanga. Chokaa hiyo hukauka polepole kwa kuvuta hewa, nayo hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Ukuta ukilowa wakati wa masika, unyevu hutoka tena kupitia chokaa wakati wa kiangazi. Twaweza kusema kwamba ukuta hupumua.

Akija fundi wa siku hizi akaupaka ukuta huo lipu ya saruji tupu, ataufurahisha macho kwa miaka michache. Lakini saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyoingia kwa ufa au kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea. Chumvi hukusanyika ndani, hula mawe na udongo wa katikati, na boriti za mikoko zilizoshikwa na ukuta huoza vichwani. Kwa nje jengo laonekana zima. Siku moja lipu hubanduka mabamba mabamba, na nyuma yake ukuta umekuwa unga. Zege la Askofu Steere lilikuwa jambo jingine, nalo lilikusudiwa tangu mwanzo. Tunalolisema hapa ni kuufunika ukuta wa chokaa kwa kitu ambacho haukuumbwa nacho.

Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini kuandikwa hakuzuii mvua. Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya pwani yote. Lilipasuka na kudhoofika kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Twalitaja kwa huzuni, ili mtu asiseme kwamba jengo likikaa miaka mia litakaa mia nyingine lenyewe.

Kanisa la Mkunazini nalo lilikuwa limefika mahali pa hatari. Dari lilivuja, nyufa zilionekana, na vioo vya rangi viliharibika. Mnamo mwaka 2013 ulianza mpango wa kulitengeneza. Dayosisi ya Kianglikana ya Zanzibar ilishirikiana na World Monuments Fund na chama cha wenyeji cha kuhifadhi Mji Mkongwe, na Umoja wa Ulaya ukatoa fedha nyingi za kazi hiyo. Waliziba njia za maji kwanza. Kisha wakatengeneza kuta, mnara na madirisha, na mafundi wa kwao wakajifunza tena kazi ya kuhifadhi, kwa sababu jengo likitengenezwa na wageni watupu, siku ya ufa wa pili atatafutwa tena mgeni.

NYUMBA YA PILI ILIYOPEWA KAZI MPYA

Kandoni mwa kanisa iko nyumba ya ghorofa iitwayo St Monica. Ilijengwa na misheni mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya wagonjwa, na baadaye ikawa nyumba ya wageni. Chini yake viko vyumba viwili vya giza, vyenye dari la chini sana hata mtu mzima hawezi kusimama wima. Kwa miaka mingi watu waliozuru waliambiwa kwamba hivyo ndivyo vyumba walivyofungiwa watumwa kabla ya mnada. Wanahistoria wamelikataa neno hilo, kwa hoja iliyo wazi: nyumba ile ilijengwa baada ya soko kufungwa.

Hapa wahifadhi walikuwa na njia mbili. Wangeweza kunyamaza, kwa kuwa hadithi ya vyumba huleta wageni, na wageni huleta ada ya kiingilio. Au wangeweza kusema kweli na kuhatarisha mapato. Katika nyumba hiyo ya St Monica yalifunguliwa mwaka 2016 maonesho ya historia ya biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki, yenye maelezo yaliyochunguzwa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Humo mtu husoma watu walitoka wapi, walipita njia zipi, nani alifaidika, na nini kiliwapata baada ya kuwekwa huru. Nje, ndani ya shimo, zimesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Sweden. Tazameni kwamba ukweli haukufukuza wageni. Wanaendelea kuja, na kiingilio chao ni msaada katika kuyatunza majengo.

Basi pale Mkunazini Mkristo husali katika kanisa lake Jumapili, mwanafunzi wa Kiislamu huja na mwalimu wake siku za juma kujifunza historia ya visiwa vyake, na msafiri hulala au hununua chai. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake mahali pake. Jambo hili si geni kwetu. Rabai lipo kanisa la Mtakatifu Paulo liendelealo na ibada, na karibu nalo iko makumbusho yenye jina la Krapf chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, katika jengo kongwe la misheni. Mji mmoja waweza kubeba sala na elimu pamoja.

KANISA LILILOACHWA NA WAUMINI

Mtu atasema: Hayo ni ya kanisa lenye waumini; la kwetu halina. Kweli. Kwa hiyo tutazame lile la pili.

Katika mji wa Bolton, kaskazini ya Uingereza, uliotajirika kwa viwanda vya pamba, liko kanisa la All Souls, lililokamilika mwaka 1881 kwa fedha za ndugu wawili wa ukoo wa Greenhalgh waliokuwa na viwanda. Walitaka lisiwe na nguzo katikati, ili kila mtu amwone na kumsikia mhubiri. Likawa ukumbi mmoja mpana na mrefu sana. Baada ya muda viwanda vikafungwa. Wenyeji wengi wakahama mtaa ule, na wakaja watu kutoka Bara Hindi ambao wengi wao ni Waislamu. Kanisa likabaki bila watu wa kulijaza, na mwaka 1986 likafungwa. Wahuni wakaliharibu. Likakabidhiwa shirika liitwalo Churches Conservation Trust, ambalo kazi yake ni kutunza makanisa ya Kianglikana yasiyotumika tena.

Jambo la kustaajabisha ni hili: katika mstari wa mbele wa waliopigania jengo hilo lisife walikuwa Waislamu wa mtaa. Hawakutaka liwe msikiti. Walisema kwamba jengo kubwa kuliko yote mtaani kwao likikaa gofu, mtaa mzima huonekana gofu. Wakashirikiana na Wakristo waliobaki na shirika lile. Fedha zikatafutwa, karibu paundi milioni 5, nyingi zikitoka katika mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa. Mafundi hawakugusa kuta za kale kwa kuzitoboa ovyo. Walisimamisha ndani ya ule ukumbi mpana vyumba vipya vinavyojitegemea, kama kabati kubwa lililowekwa ndani ya nyumba, vyenye mahali pa mikutano, ofisi na mkahawa. Atakaye kuviondoa siku za mbele ataviondoa, na kanisa la kale litabaki lilivyo. Mwezi Desemba 2014 milango ilifunguliwa tena. Uamuzi wa mwenye kulijenga, wa kutotia nguzo katikati ili mahubiri yasikike, ndio uliowapa wajukuu wa watu wengine nafasi ya kukutania.

TUNAYOJIFUNZA

Kutokana na habari hizi mbili, halmashauri yaona mambo sita, nayo yaandikwa hapa ili kila mwanachama ayafikiri kabla ya Mkutano Mkuu.

Kwanza, maji. Kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya umeme, paa na michirizi ya maji itengenezwe. Hata kama mkutano utachelewa kukubaliana juu ya mengine, kuzuia mvua hakungoji mkutano mwingine. Fedha ndogo iwekwayo juu ya paa mwaka huu huokoa fedha kubwa ya ukuta miaka mitano ijayo.

Pili, fundi. Atafutwe fundi ajuaye chokaa, na vijana wetu wawili au watatu wawekwe chini yake wajifunze. Mombasa na Lamu wako bado wazee wa kazi hiyo. Wakifa na ujuzi wao, hatutaununua dukani.

Tatu, hati. Jengo na kiwanja ni mali ya kanisa, wala si ya chama. Urafiki wa leo baina ya wazee wa kanisa na wazee wa chama ni mwema, lakini wazee hufa na makaratasi hubaki. Pawe na mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya wakili, yakieleza miaka ya matumizi, nani atalipia matengenezo, na jambo gani halitafanywa ndani ya nyumba iliyokuwa ya ibada. Makaburi yaliyo uani yasiguswe kabisa. Tena iulizwe mapema ofisi ya Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yalinda majengo ya kihistoria yaliyotangazwa, na haifai kubomoa kwanza na kuuliza baadaye.

Nne, watumiaji. Jengo lililotengenezwa na kufungwa kwa kufuli huharibika upesi kama lililoachwa. Mkunazini na Bolton waliuliza kwanza: Nani ataingia humu Jumatatu, na nani Jumanne? Nasi tuandike ratiba kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa chokaa. Akina mama wameomba siku mbili kwa ajili ya kazi zao za mikono na mchango wao. Vijana wameomba jioni kwa masomo. Wazee wa Kiislamu walio majirani zetu wameuliza kama nao wataweza kukutana humo kwa shughuli za mtaa, na jibu la halmashauri ni kwamba yawezekana, kwa masharti yale yale yatakayowekewa kila mtu.

Tano, ukweli. Kama tutatundika ukutani habari za jengo, ziwe habari tulizozihakiki. Tusiandike kuwa kila mzungu alikuwa mkombozi, wala kuwa kila mwenyeji alikuwa mnyonge asiyejua la kufanya. Watoro wa Rabai walijikomboa kwa miguu yao kabla ya hati kuja. Tuandike pia majina ya waashi na wachukuzi wa mawe, kila tutakapoyapata kwa wazee walio hai, kwa sababu kitabu cha misheni huhifadhi jina la aliyeweka jiwe la msingi, na mara chache huhifadhi jina la aliyelibeba.

Sita, fedha, na hapa twasema kwa sauti ili mzee yeyote asilale na wasiwasi. Mfuko wa mazishi usiguswe. Fedha hiyo ni amana ya wafiwa. Mwanachama aliyetoa shilingi yake mwezi baada ya mwezi aliitoa ili siku ya msiba jamaa zake wasidhalilike, na chama kikitengeneza paa kwa sanda ya mwenzetu kitakuwa kimejenga nyumba na kubomoa undugu. Kazi ya jengo iwe na daftari lake na mchango wake wa hiari, na kila senti isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Jengo likianza kukodishwa kwa arusi na mikutano, mapato yake yalitunze jengo kwanza. Kama fedha haitoshi kufanya yote, tufanye paa na chumba kimoja, tukae, tukusanye tena.

NENO LA MWISHO

Tumewasikia wanaosema kwamba jengo la kale ni kumbukumbu ya kutawaliwa, na kwamba kulibomoa ni kujifungua. Twaheshimu uchungu ulio ndani ya neno hilo. Lakini Mkunazini wafundisha kinyume chake. Pale palikuwa na sababu kubwa kuliko yetu ya kutaka mahali pasahauliwe, maana palikuwa pa minyororo. Kama pangefutwa kabisa, leo asingepatikana mtu wa kumwonesha mtoto mahali babu yake alipouzwa, na mwenye kutaka kukanusha angekanusha kwa wepesi. Mahali pakibaki, shahidi amebaki.

Tena mawe hayo hayakuchongwa na waliotutawala. Yalichongwa, yakachomwa na kubebwa na watu wetu, nao walilipwa kidogo au hawakulipwa. Ikiwa jasho ni hati, basi sehemu kubwa ya nyumba hiyo ni yetu tangu siku ya kwanza, na kuitengeneza ni kudai kilicho chetu kwa njia ya amani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jengo letu kila mtu aweza kuuona akipita njiani. Mkutano Mkuu utaulizwa maswali mawili tu: Je, litengenezwe au libomolewe? Na kama litatengenezwa, je, mko tayari kufungua daftari la mchango wa hiari lisilohusiana kabisa na mfuko wa mazishi? Kila mwanachama aliyelipa ada yake ana kura moja, na wazee wasioweza kutembea watapelekewa karatasi nyumbani. Tunawaomba mje, na mje mkiwa mmekwisha kufikiri.